Tarehe ya Kuachia Mvua

1

Mama yake Nyemo alichutama katikati ya shamba, akachomeka kidole ardhini kando ya mche wa uwele, akauchimbua taratibu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Alipoupata mzima, na kimzizi chake, akauweka kwenye kiganja cha binti yake.

"Tazama mzizi," alisema. "Umefika wapi?"

Nyemo akatazama. Mzizi ulikuwa mfupi kuliko kidole chake cha mwisho, na ncha yake imeanza kugeuka kahawia. Majani mawili ya juu yalikuwa yamejikunja kwa ndani, yamejifunga kama ngumi ya mtoto mchanga.

"Haujafika kwenye udongo wa ubaridi," alijibu.

"Haujafika. Leo Jumamosi. Huu una Jumapili, una Jumatatu. Jumanne ikipita, hata ukiumwagia bwawa zima haurudi."

Ilikuwa tarehe kumi na nane Desemba, saa tatu asubuhi, na jua la Igandu lilikuwa tayari linapenya soli za viatu. Shamba lote, tangu uzio wa miiba hadi korongo kavu kule chini, lilikuwa na rangi moja ya kijani iliyochoka. Ukilitazama kwa mbali ungedhani linaishi.

Wagogo hupanda uwele kwenye vumbi. Novemba, kabla hata wingu halijaonekana, watu hutoka na majembe, wakafukia mbegu katika ardhi kavu ili mvua ya kwanza izikute zikisubiri. Ni kilimo cha watu wenye msimu mmoja tu mfupi, wasioweza kupoteza hata siku tatu. Hatari yake inajulikana: mvua ya kwanza inaweza kuwa ya kudanganya. Ikanyesha nusu siku, mbegu zikaamka, kisha mbingu zikafunga. Ndiyo maana zamani kila nyumba iliweka nusu ya mbegu ndani, kwenye kihenge, wala hakuna aliyeigusa mpaka mvua ya pili iwe imenyesha.

Lakini kwa miaka kumi na mmoja sasa hakukuwa na mvua ya kudanganya. Mwongozo, kitabu cha serikali cha tarehe za mvua, uliandika: Kanda ya Kati, mvua kuanzia Desemba tano. Na Desemba tano ikanyesha, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wakaacha kutunza ile nusu. Waliisaga wakaila. Mama yake Nyemo naye aliila, na mwaka huu alipanda mbegu yote aliyokuwa nayo.

Mvua ilikuja tarehe tano kama ilivyoandikwa. Ikanyesha tangu asubuhi hadi adhuhuri. Haikurudi tena.

"Kitabu chako kinasemaje?" mama aliuliza.

Pale kijijini Mwongozo uliitwa kitabu cha Nyemo tangu siku alipomaliza chuo akaajiriwa Idara ya Majira. Waliutaja hivyo kwa fahari. Asubuhi hiyo, alipokuwa akishuka kwenye gari, jirani yao, Mjomba Masima, alimsalimia kwa utani uliomchoma: mwenye mvua amekuja, mvua yenyewe kaiacha mjini.

Nyemo alijua Mwongozo unasemaje, kwa kuwa aliuandika yeye. Akafunga kiganja juu ya ule mche.

"Nitauliza ofisini, Mama," alisema, na hakuweza kumtazama usoni.

2

Idara ya Majira ilikuwa Dodoma mjini, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Igandu. Katika ukumbi wa mapokezi kulikuwa na nakala ya Mwongozo wa kwanza kabisa, imewekwa ndani ya kioo: kijitabu chembamba cha wageni, chenye picha za twiga. Kiliwaeleza watu wa mbali kwamba nchi hii ni kubwa na haina hali ya hewa moja. Pwani kuna joto la kulowesha shati, na masika ya Machi hadi Mei. Makete, Juni na Julai, umande huganda juu ya majani. Kagera mvua hainyimwi karibu mwaka mzima. Kaskazini kuna vuli na masika. Katikati kuna msimu mmoja tu, kisha jua. Chini ya kila kanda palikuwa na mstari mmoja: wakati mzuri wa kuja. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, waandishi wa zamani walikuwa wameomba radhi kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti.

Kisha minara ikajengwa, mia mbili na kumi na miwili, kutoka Mtwara hadi Karagwe. Mnara hauumbi mvua. Unaweza mambo mawili tu: kulishika wingu lisidondoshe, au kuliachia. Lakini minara mia mbili ikishirikiana inaweza kulisukuma wingu lililoachiwa, ikapokezana kama watu wanaopitisha ndoo mkononi, mpaka lifike linakotakiwa. Ilihitaji kuambiwa nini kinyeshe wapi na lini, na orodha pekee iliyokuwepo ya kanda zote na tarehe zake ilikuwa ule Mwongozo. Wakauunganisha na minara. Tangu siku hiyo hapakuwa na herufi ndogo za kuomba radhi. Zamani Mwongozo ulifuata hali ya hewa. Sasa hali ya hewa ilifuata Mwongozo.

Nyemo alikuwa mwandishi wa Kanda ya Kati na ya Kaskazini. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Alipokuwa chuo aliamini kwamba mtu akiandika sentensi nzuri na ya kweli atakuwa ameisaidia dunia, na hapa sentensi zake zilikuwa za kweli kuliko za mwandishi yeyote aliyewahi kuishi.

Aliketi mezani, akafungua ukurasa wa Kaskazini. Sentensi ilikuwa pale, ya tarehe ishirini na sita Novemba, na jina lake pembeni.

*Mlima Kilimanjaro: siku angavu zimeongezwa, Desemba 12 hadi Januari 5. Kilele kitaonekana kila asubuhi. Huhitaji koti la mvua.*

Alikumbuka siku ile. Maombi ya wageni wa sikukuu yalikuwa mengi kuliko mwaka wowote, na Mkurugenzi aliomba wiki tatu na siku chache za ziada. Nyemo akaandika. Mtambo unaoongoza minara ukauliza kama mvua ya pili ya Kanda ya Kati isogezwe hadi Januari sita ili mizani ya mawingu itimie. Akabonyeza Ndiyo. Alikuwa anawahi chakula cha mchana.

Akapima mara mbili, kisha mara ya tatu. Mawingu yote yaliyokuwa yamebaki ya vuli, pamoja na yale ambayo yangeshuka kuja Ugogo, yalikuwa yameshikwa kaskazini-mashariki, yametanda nyuma ya mlima kama bwawa lililojengwa hewani. Palikuwa na maji ya kutosha kulowesha vijiji arobaini na kimoja vya Kanda ya Kati. Ila huwezi kulisogeza wingu bila kwanza kulilegeza hapo lilipo, na likilegezwa humwaga sehemu yake palepale. Maji ya mwanzo yangeanguka mlimani, juu kama theluji na chini kama mvua ya mawe, ndipo mengine yaanze safari ya saa ishirini kuja Igandu.

Na mlimani kulikuwa na watu elfu moja mia tatu themanini na sita.

3

Mkurugenzi Rweyongeza alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani yake hata ikiwa safi. Nyemo aliweka ule mche wa uwele juu ya meza yake. Ulikuwa umekauka kabisa njiani.

Mkurugenzi hakumfokea. Alimwambia kwamba ameona. Kwamba taarifa za Kanda ya Kati zimemfikia tangu Jumatano. Kwamba chakula cha msaada kitaandaliwa, na vijiji havitaachwa. Nyemo aliuliza ni lini. Mkurugenzi alisema baada ya kuthibitishwa kwamba mavuno hayapo. Nyemo akasema hiyo ni Mei. Mkurugenzi akafuta miwani.

"Nilikuwa na miaka minane maji yalipoingia nyumbani kwetu," alisema hatimaye. "Hakuna aliyetuambia. Nilimshika dada yangu mkono, kisha sikumshika tena. Nyemo, leo kuna watu wamehama mabondeni kwa sababu Mwongozo umewaambia wahame. Hawakuniamini mimi wala wewe, waliuamini Mwongozo. Ukidanganya siku moja, nani atahama mwakani?"

"Umeshadanganya, Mzee. Ulisema Desemba tano."

"Ikanyesha Desemba tano."

Ni kweli ilinyesha, Nyemo alijua. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mwongozo haukusema uongo hata neno moja. Uliziamsha mbegu kwa ahadi, kisha ukaondoka.

Mkurugenzi alimwambia arudi nyumbani apumzike. Alipofika mlangoni akamwita tena, na kwa sauti ya chini akamkumbusha kwamba mlimani kuna watu wasio na makoti. Hakumtaja aliyeandika kwamba hayahitajiki.

4

Hakurudi nyumbani. Alirudi mezani kwake, akatafuta namba ya kiongozi wa wapagazi. Aliitwa Aminiel Kiwelu, na siku hiyo alikuwa kambi ya Barafu, akiwa na kundi lake karibu na kilele. Upepo ulikuwa unasikika kwenye simu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea na upepo.

Nyemo alimuuliza: wakiambiwa washuke wote leo hii, wa mwisho atafika getini lini?

Kiwelu alianza kuhesabu kwa sauti. Wa Barafu na Kibo, Jumapili jioni. Wa upande wa Shira wangehitaji siku mbili zaidi, na nyuma yao kulikuwa na kundi kubwa lililovuka jana kwenda upande wa mbali na geti, lenye wagonjwa wawili wa kubebwa. Akavuta pumzi. Jumatano, saa sita mchana. Si kabla ya hapo.

"Na ikiwa Jumanne?"

"Jumanne watakuwa bado juu watu kama mia mbili na thelathini. Kwani Jumanne kuna nini?"

Akamweleza yote. Aliongea haraka, akiogopa kwamba akipumzika atashindwa kuendelea.

"Ni wewe uliyeandika tusibebe makoti?" Kiwelu aliuliza.

"Ni mimi."

"Wageni walikuja nayo hata hivyo, unajua? Mgeni hata umwambieje, anakuja na koti lake. Sisi ndio tuliokuamini. Kwa kila koti tuliloacha nyumbani, walituongezea kilo mbili za mzigo." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia. "Dada, mvua ikinikuta hapa nilipo na shati hili, sifiki asubuhi. Basi andika tushuke. Ila andika kweli, maana nikiwaambia mimi wataniuliza mbona Mwongozo umesema jua."

Katika mtambo kulikuwa na kifungu kimoja kisichohitaji saini ya Mkurugenzi: Onyo la Usalama. Waliojenga mtambo walifikiri, na walifikiri vizuri, kwamba hatari haisubiri saini. Mwandishi wa kanda angeweza kuandika mahali, hatari, tarehe na saa, na onyo likawafikia watu wote wa eneo hilo papo hapo. Jambo ambalo hawakulifikiria ni kwamba minara nayo ingelisoma. Ukiandika kwamba Jumatano mvua kubwa itanyesha mlimani, minara itaachia Jumatano. Onyo lingejitimiza lenyewe, na mawingu yaliyobaki minara ingeyasukuma hadi kanda inayodai mvua, yaani Kanda ya Kati.

Nyemo aliandika mahali. Aliandika hatari. Aliongeza mabonde ya mito ya Moshi na Same, watu wakae mbali na kingo. Kisha akafika kwenye kisanduku cha tarehe.

Aliandika 19. Akakiangalia. Jumapili jioni ikiachiwa, Jumatatu Igandu ingelowa, na uwele wote ungesimama. Vijiji arobaini na kimoja. Kwenye vijiji hivyo aliwajua wanawake wanaomwita mwanangu, aliwajua watoto wao, alijua ni nyumba ipi Machi hukosa chakula hata mwaka mzuri. Njaa ilikuwa na sura alizozijua. Wale mia mbili na thelathini hawakuwa na sura. Walikuwa na sauti moja tu na upepo.

Akafuta. Akaandika 20, usiku, ili mvua ifike Jumanne, pembeni kabisa ya ile siku ya mwisho. Akawaza: pengine baridi haitakuwa kali. Pengine watajificha mapangoni. Pengine. Akashtuka kuona ni mara ngapi amelitumia neno hilo, yeye ambaye hakuwahi kuliandika katika Mwongozo hata mara moja.

Akampigia mama yake.

Alimweleza kama alivyomweleza Kiwelu, pamoja na lile la Ndiyo aliyoibonyeza akiwahi kula. Kwenye simu alisikia kuku, na mtu akitwanga mbali.

"Nichague lipi, Mama?"

"Usiniulize mimi," mama alijibu, na sauti yake ilikuwa kavu. "Ukiniuliza mimi nitasema leo. Nitasema sasa hivi, hata kama wote wako juu. Hao siwajui, shamba nalijua. Umesikia? Kwa hiyo usiniulize." Kisha akaongeza, taratibu zaidi, "Ulikwenda shule miaka kumi na saba ili mtu kama mimi asiwe anaulizwa swali kama hilo."

Simu ikakatika. Nyemo hakujua kama ni mtandao au ni mama.

Alikaa akikitazama kile kisanduku. Alitafuta hesabu ambayo ingemwondolea mzigo, akaikosa. Watu wa Igandu wangeweza kuhangaika, kuomba, kupanda tena, kuhamia kwa ndugu. Njaa ni katili lakini hutembea, na mtu anaweza kuikimbilia mbele akaizuia. Baridi ya mlimani haikuwa na kesho. Hilo tu ndilo aliloliona wazi, na halikumfariji.

Akaandika: 22, saa sita mchana.

Kabla ya kutuma alishuka hadi chini kabisa ya ukurasa, pale ambapo zamani palikuwa na herufi ndogo. Akaandika kwa herufi za kawaida: *Hali ya hewa inaweza kuwa tofauti na ilivyoandikwa hapa. Njoo na koti.* Akatuma vyote pamoja.

Kule mlimani, simu elfu moja mia tatu zikalia kwa wakati mmoja.

5

Mkurugenzi alikuja baada ya dakika kumi. Alikuwa amekimbia ngazi. Alisimama nyuma ya kiti chake, akasoma onyo lote mpaka mwisho, midomo ikichezacheza.

"Naweza kulifuta," alisema. "Hata sasa. Ufunguo wangu unafuta onyo lolote kabla ya saa yake."

"Najua, Mzee."

"Watashuka, watafika chini, na mvua haitanyesha. Watakasirika, basi. Wiki mbili tutakuwa tumesahau."

Nyemo alisema anajua hilo pia. Alivua kitambulisho chake shingoni, akakiweka mezani bila kuombwa. Alitamani kusema jambo kubwa, jambo ambalo lingembadilisha mtu aliyemshika dada yake mkono kisha hakumshika tena. Hakulipata. Akamwambia tu kwamba Igandu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na kwamba Jumanne jioni shamba litakuwa la manjano, kama atapenda kwenda kuliona kabla ya kuamua.

Mkurugenzi alikuwa anafuta miwani.

6

Jumapili watu wa Igandu walimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Jumatatu kwa maji ya kuogea. Kisima cha kijiji kilikuwa cha kunywea, na zamu yake ilihesabiwa ndoo kwa ndoo, kwa hiyo kila nyumba ilibeba kile kilichobaki chini ya beseni, maji ya kijivu yenye povu, ikayapeleka kwenye mistari ya karibu na mlango. Nyemo alibeba na mama yake. Hawakuzungumza juu ya ile simu. Mama alimwonyesha tu kwa kidole: huu, huu, huo uache.

Watu walijua. Habari ya onyo ilikuwa imefika, na kwamba Nyemo ndiye aliyeandika, na kwamba alichagua Jumatano. Hakuna aliyemtukana. Mama mmoja alimkuta kisimani akamuuliza, kwa adabu kabisa, kama wale watu wa mlimani ni ndugu zake. Nyemo alisema hapana. Yule mama akatikisa kichwa, akajitwisha ndoo.

Jumanne jioni shamba likawa la manjano.

Jumatano saa sita mchana Nyemo alikuwa amekaa chini ya upenu na simu mapajani. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu. Saa saba kasoro dakika ishirini Kiwelu akapiga. Wamefika wote, alisema. Mmoja amevunjika mguu kwenye mteremko, mmoja wa wale wagonjwa hali yake si nzuri, lakini wote wako getini, wamehesabiwa mara mbili.

"Mvua imeanza?" Nyemo aliuliza.

Kiwelu alisema kilele kimefunikwa, lakini bado hajaona tone. Labda alikuwa amesimama chini mno.

Nyemo alishukuru, akaweka simu. Jioni ile mbingu ya Igandu ilikuwa safi kama sahani. Aliitazama hadi jua likazama, akijua kwamba mahali fulani mjini mtu mmoja ana ufunguo, na kwamba huenda ameutumia, na kwamba hana njia ya kujua isipokuwa kungoja kama watu wote walivyongoja kabla ya minara.

Alhamisi saa mbili asubuhi mama alikuwa akipepeta uwele kwenye ungo. Ulikuwa wa kula, wa mwisho mwisho, uliotoka chini kabisa ya kihenge. Akasimamisha ungo hewani.

"Unanusa?"

Nyemo alinusa vumbi lililolowa, mbali bado. Kisha upande wa kaskazini-mashariki ukaanza kuwa mweusi, si haraka, kama kitambaa kinachonyonya maji kutoka pembeni. Kuku wakakimbilia ndani. Tone la kwanza lilipiga bati kwa sauti ya jiwe. Lilifuatwa na la pili, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuyatofautisha.

Hakulifuta lile onyo, Nyemo aliwaza. Yule mzee hakulifuta. Akalia kwa sauti, na mvua ikamfichia kilio.

Walitoka wote wawili. Mama alitembea katika mistari akiinama, akigusa mche mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Mingi ilivunjika palepale, ilikuwa majivu yenye umbo la jani. Karibu na mlango, pale palipopata maji ya vyombo, mistari miwili na nusu ilikuwa hai. Huko chini, kando ya korongo, palikuwa na mingine kidogo, huku na huku. Nyemo alimfuata nyuma akihesabu, mpaka hesabu ikakosa maana.

Mama alirudi ndani. Alipotoka alikuwa na ule ungo kichwani na jembe mkononi.

"Huo ni wa kula, Mama."

"Ulikuwa wa kula." Mama alimwaga nusu kwenye sufuria iliyokuwa mlangoni, nusu akaibakiza. Kisha akachimba shimo la kwanza katika ardhi iliyolowa, akadondosha punje nne, akafukia kwa mguu. "Uwele wa kukomaa kwa siku sitini bado unawahi. Nenda kwa Masima. Nenda nyumba zote za upande ule. Wameketi ndani wanaomboleza na unyevu wa udongo unapita. Waambie wagawe walichonacho, wapande leo."

"Watauliza itanyesha tena lini."

"Watauliza."

"Nitawaambia nini? Sina ufunguo. Sijui wataandika nini kule."

Mama aliinua uso, maji yakimtiririka kwenye kope. "Waambie hivyohivyo."

Nyemo akaenda. Njia ilikuwa imekuwa mto mdogo mwekundu, na viatu vyake vya mjini vilibaki kwenye tope hatua ya kumi, akaviacha. Mjomba Masima alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, akilitazama shamba lake la manjano likipigwa na mvua iliyochelewa siku mbili. Nyemo alimsalimu, akamweleza: akiba yoyote ya kula, nusu yake, leo hii, kabla maji hayajashuka.

Mzee yule hakumtania safari hii. Alimuuliza lile swali.

"Na nikipanda, itanyesha tena lini?"

Kwa miaka miwili Nyemo alikuwa amejibu swali hilo kwa tarehe. Alihisi tarehe zikimjia ulimini zenyewe, kwa mazoea.

"Sijui, Mjomba," alisema.

Masima alitazama juu, kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka kazi aliyokuwa akiifanya zamani. Kisha akageuka, akaingia ndani kutafuta kihenge chake.

Nyemo akaendelea na nyumba iliyofuata.